Socrates na Sheria za Athene

Hapo kale katika mji wa Athene, nchi ya Uyunani, sheria zilikuwa vinywani mwa wakuu tu. Mwaka 621 kabla ya Kristo Draco aliziandika, nazo zilikuwa kali mno. Mwaka 594 Solon akazitangua, ila zile za kuua mtu. Akawafutia maskini madeni yao, akakataza mtu kuuweka mwili wake rehani.

Basi sheria zilipatikana. Lakini je, sheria na haki ni kitu kimoja? Baadhi ya wenye hekima walinena kwamba haki ni lile limfaalo mwenye nguvu, basi. Socrates hakukubali. Yeye hakuandika kitabu. Habari zake twazipata hasa kwa mwanafunzi wake Plato.

Mwaka 406 watu walitaka kuwahukumu majemadari wao wote kwa kura moja, kwa kuwa hawakuwaokoa mabaharia baada ya vita baharini. Socrates, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa mkutano, alikataa, kwa sababu ilikuwa kinyume cha sheria. Watu walipiga makelele, na majemadari sita wakauawa. Mwaka 404 wadhalimu 30 waliutwaa mji, wakamwamuru yeye na wenziwe wanne wamlete Leon wa Salamis auawe. Wale wanne walikwenda; Socrates akarudi zake nyumbani.

Hata mwaka 399 akashitakiwa mwenyewe, kwamba haiheshimu miungu ya mji, tena awapotosha vijana. Waamuzi wapatao 500 wakamhukumu kufa. Rafiki yake Crito akaja gerezani kabla ya mapambazuko, akamwambia fedha za kumtorosha zi tayari, akamkumbusha na wanawe watatu, wawili wakali wadogo. Neno hilo la watoto si jepesi, nami sithubutu kumlaumu Crito.

Socrates akajibu kwamba sheria zilimlea kama wazazi. Amekaa chini yake miaka 70 kwa hiari, na kama hakuzipenda angaliweza kuhama. Tena haifai kulipa ovu kwa ovu.

Ndugu msomaji, huenda utastaajabu: mtu aliyekataa amri za wakuu, mbona sasa atii? Lakini tazama, kwanza aliamriwa kuwadhulumu wengine. Sasa alitakiwa kudhulumiwa yeye.

Crito hakuwa na la kujibu. Siku chache baadaye kikombe cha sumu kililetwa, Socrates akakinywa.