Kikombe cha Babu kilikuwa bei gani kweli?

Wasee, mnakumbuka Loliondo? 2011 nilikuwa mtoi hapa Bungoma. Kukhu wangu masikio yalikuwa yanamvumia usiku na mchana, kama nyuki wamefungiwa ndani. Hosi walimwambia azoee tu.

Ndio habari ikafika: kule Samunge, Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila anachemsha mizizi ya mugariga, eti magonjwa sugu yanaisha. Kikombe kimoja, shilingi 500 za Tanzania. Kwa pesa yetu haikufika hata 50.

Shida ni kwamba dawa haikuwa ya kubeba. Unakunywa hukohuko, kutoka mkononi mwa Babu mwenyewe. Kwa hivyo piga hesabu ya nauli, chakula, na siku za kulala barabarani kwa foleni ya magari ya kilomita nyingi. Wengine walifia hapo. Mjomba aliuza ng'ombe wa maziwa Kitale.

Masapila alifariki 2021. Watu humcheka. Mimi siwezi, yeye 500 yake aliitaja wazi.

Kukhu alirudi akisema kelele imepungua. Mwezi haukuisha, akaanza tena kulala na redio ikiongea, ndio asiisikie. Hiyo redio tulikuwa nayo kabla ya safari.