Nyumba Ilibomolewa, Vitu Vikabaki

Wiki hii sikwenda mbali. Jumamosi asubuhi nilimchukua mjukuu wangu tukaenda kutazama sanaa katikati ya jiji la Nairobi, katika lile jengo la mawe lililo karibu na Nyayo House, pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Barabara ya Uhuru.

Wengi wenu mmelipita mara nyingi mkikimbilia matatu. Lilijengwa mwaka 1913, na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Humo ndimo wazazi walimoandikisha watoto wao, maharusi wakaandikisha ndoa, na wafiwa wakaandikisha vifo. Hata umbali kutoka Nairobi hadi miji mingine ulihesabiwa kuanzia hapo. Baadaye likakabidhiwa Makavazi ya Kitaifa, likawa jumba la sanaa.

Ni jumba dogo. Saa moja yatosha kulizunguka, ila sisi tulikaa karibu tatu. Mna vinyago, nguo, mapambo ya shanga na fedha, hata stempu za posta. Mjukuu wangu alisimama sana mbele ya vinyago, kisha akaniuliza, "Babu, vyote hivi vilikuwa vya mtu mmoja?"

Nikamwambia vingi vilikuwa vya Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Jina hilo hakuwahi kulisikia shuleni, na mimi sikushangaa.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alisomeshwa India. Viongozi wa KAU walipokamatwa mwaka 1952, yeye alishika kazi ya katibu wa chama, kisha akaishi uhamishoni London karibu miaka kumi. Huko, kwa mshahara mdogo, alinunua vitabu na kazi za sanaa za Afrika ambazo Wazungu walikuwa wakiziuza kama vikorokoro. Uhuru ulipopatikana akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais. Mwaka haukuisha, akajiuzulu. Ni wangapi mnaowajua walioacha kiti kama hicho kwa hiari?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wao wawili, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, walianzisha African Heritage, nyumba ya sanaa iliyouza kazi za bara zima. Katika miaka hiyohiyo serikali ilinunua nyumba yake ya Muthaiga na sehemu kubwa ya mkusanyo wake. Nia ilikuwa nyumba ile iwe chuo cha elimu ya Afrika. Vitabu vyake, zaidi ya elfu nane vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, vilihifadhiwa katika Nyaraka za Taifa.

Nyumba ilibomolewa.

Hapo mjukuu wangu alinikatiza. "Lakini Babu, si ilikwisha kununuliwa?" Ndiyo, ilikwisha kununuliwa. Nilitafuta jibu la kumpa mtoto wa miaka kumi na moja, nikalikosa, nikamwambia twende City Park.

Murumbi alifariki mwezi wa Juni 1990. Alitaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965 akiwa nje ya nyumba yake, na ambaye kaburi lake liko katika makaburi ya hapo. Sheila naye yupo, kando ya mumewe. Kuwazunguka kuna sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki, akiwemo Elkana Ong'esa wa Kisii. Mtoto alizigusa moja baada ya nyingine, jambo ambalo kule jumbani alikuwa amekatazwa.

"Na ile nyumba ilikuwa wapi?" akauliza.

Nikanyoosha kidole upande wa Muthaiga, ambako si mbali. Tuliona miti tu, na tumbili mmoja aliyekuwa akiyatazama mahindi yetu ya kuchoma.