Ngomeni na Mbioni: Mila Mbili za Kwotabeki

Kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani huishi katika uhaba wa muda. Akishaupokea mpira, ana kama sekunde tatu za kuamua amrushie nani, huku wanaume wazito wakimjia kumwangusha. Tangu kurusha mpira mbele kuruhusiwe mwaka 1906, mitindo ya nafasi hii imekuwa majibu tofauti ya swali moja: muda zaidi utoke wapi? Mila moja husema utoke kwa wenzako wanaokukinga. Nyingine husema utoke miguuni mwako.

Mila ya kwanza ina sura ya Johnny Unitas wa Baltimore Colts. Yeye alikaa ngomeni, katika nafasi finyu iliyozungukwa na walinzi wake, na hakuondoka mpaka mpira umtoke mkononi. Desemba 28, 1958, katika fainali ya NFL, ligi kuu ya Marekani, iliyochezwa Yankee Stadium, Colts walikuwa nyuma ya New York Giants kwa pointi 3, na dakika zilikuwa zimebaki chache. Unitas, aliyekuwa akipanga michezo mwenyewe papo hapo, alimrushia Raymond Berry tena na tena mpaka timu yake ikasawazisha, kisha ikashinda 23 kwa 17 katika muda wa nyongeza. Ubora wake ulikuwa utulivu: kuona njia kabla haijafunguka, na kuwaamini wenzake kuliko hofu yake.

Mila ya pili ilipata mwanawe mwaka 1961, Minnesota Vikings walipoanza. Fran Tarkenton aliichezea timu changa yenye ulinzi dhaifu. Ngome ilipobomoka, alikimbia: kushoto, kulia, hata kurudi nyuma, mpaka aone mwenzake aliyeachwa huru. Kocha wake, Norm Van Brocklin, alikuwa mwana wa ngome hasa. Yadi 554 alizorusha katika mechi moja ya mwaka 1951 zimedumu kuwa rekodi. Wawili hao hawakuelewana, na mwaka 1967 wote waliondoka Minnesota. Kwa kocha, kukimbia kulikuwa kuvunja mpango. Kwa mchezaji, kulikuwa kuuokoa. Tarkenton alistaafu baada ya msimu wa 1978 akiwa amerusha yadi 47,003, nyingi kuliko kwotabeki yeyote aliyemtangulia. Kumbe miguu ile ilikuwa ikiutumikia mkono.

Kila mila ina gharama yake. Anayekaa ngomeni hutegemea watu watano mbele yake. Mmoja akiteleza, maarifa yote huanguka naye. Anayekimbia hajifungi kwa mtu, lakini hulipa kwa mwili wake. Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Na haohao husema chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Hakuna methali inayoifuta mwenziwe.

Ukivuka mpaka kuingia Kanada, swali ni lilelile ila uwanja ni mwingine. Marekani timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kanada hupewa matatu. Uwanja wa Marekani una upana wa yadi 53 na kidogo. Wa Kanada, yadi 65. Majaribio machache huhimiza kurusha, na upana humpa kwotabeki mwepesi mahali pa kukimbilia. Ndiyo maana Doug Flutie, ambaye Marekani alionekana mfupi mno, aliweza kurusha yadi 6,619 katika msimu wa 1991 akiwa na timu ya British Columbia.

Warren Moon alivuka mpaka huo kwa sababu nyingine. Mwaka 1978, ingawa alikuwa ameiongoza timu ya chuo chake kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Wakati huo vijana weusi kama yeye waliambiwa wabadili nafasi, kana kwamba ngome si makao yao. Moon alikataa, akaenda Edmonton, akawa katika kikosi kilichotwaa Grey Cup, kombe la ubingwa wa Kanada, mara 5 mfululizo. Nguvu yake ilikuwa hasa mkono. Kisa chake kinatuonya sisi tunaolinganisha: mtindo ni jibu la mchezaji kwa uwanja, walinzi na kocha wake, si rangi ya ngozi yake.

Februari 2023, kwa mara ya kwanza, kwotabeki wawili weusi walianza Super Bowl, fainali ya NFL. Jalen Hurts wa Philadelphia Eagles alirusha yadi 304, kisha akavuka mstari wa goli kwa miguu yake mara 3. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alirusha mipira 3 iliyozaa tachidauni, yaani kuuvuka mstari huohuo. Na karibu na mwisho, matokeo yakiwa sare, ngome ilipofunguka mbele yake, alikimbia yadi 26 kwa kifundo cha mguu kilichoumia. Timu yake ilishinda 38 kwa 35. Katika mchezaji mmoja, Unitas na Tarkenton walikuwa wamekutana: mkono uliojua kusubiri, na miguu iliyojua wakati wa kusubiri umekwisha.