Tuzo za Desemba, jibu la Machi: wahakiki wanavyoitangulia Oscar

Jumatatu, Machi 3, 2014. Los Angeles ilikuwa bado Jumapili usiku, lakini huku kwetu, kuanzia Makole, Dodoma, hadi Mombasa, kulikuwa kunakaribia kupambazuka pale jina la Lupita Nyong'o lilipotajwa kuwa mshindi wa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Akawa Mkenya wa kwanza kuipata tuzo hiyo, tena kwa filamu yake ndefu ya kwanza, 12 Years a Slave ya mwongozaji Steve McQueen.

Kwa wengi wetu ilikuwa habari ya kushtukiza. Kwa waliokuwa wakifuatilia wahakiki wa filamu tangu mwanzoni mwa Desemba, ushindi ule ulikwisha kupiga hodi mara kadhaa. Kila mwaka, miezi mitatu kabla ya Oscar, wahakiki wa Marekani hutangaza washindi wao, na kila mwaka watu hujaribu kusoma katika majina hayo nani atacheka mwishoni. Wakati mwingine wanapatia, wakati mwingine wanakosea vibaya. Ukiifuatilia historia ya tuzo hizi, unajifunza jambo moja la maana: wahakiki hutuonyesha nani anastahili kutazamwa, lakini mshindi huamuliwa na wenye kura.

Wahakiki walivyoanza

Oscar ya kwanza ilitolewa Mei 16, 1929, watu wa Hollywood wakijituza wenyewe. Wapigakura wake tangu hapo ni watu wa kazi hiyo: waigizaji, waongozaji, waandishi, watayarishaji, mafundi wa picha na sauti. Mhakiki wa gazeti hana kura kwa uhakiki wake. Mwaka 1935 wahakiki wa magazeti ya New York wakaunda umoja wao, New York Film Critics Circle, wakaanza kutoa tuzo zao.

Filamu bora ya kwanza waliyoichagua ilikuwa The Informer ya John Ford. Miezi michache baadaye Oscar ikampa Ford tuzo ya mwongozaji bora, na Victor McLaglen, nyota wa filamu hiyo hiyo, tuzo ya mwigizaji bora. Lakini Oscar ya filamu bora ilikwenda kwa Mutiny on the Bounty. Basi tangu mwaka wa kwanza wahakiki walipatia nusu na kukosa nusu. Mwaka 1941 waliichagua Citizen Kane, filamu inayofundishwa mpaka leo katika vyuo vya sinema duniani. Oscar ikaenda kwa How Green Was My Valley.

Vyama vikaongezeka. National Board of Review, iliyoanzishwa 1909, ilikuwa na chaguo lake la kila mwaka. Wahakiki wa taifa zima waliunda chama chao 1966, wale wa Los Angeles 1975, na tuzo za Critics' Choice zikafuata katikati ya miaka ya 1990. Kalenda nayo ikajipanga: wahakiki wengi hutangaza Desemba, Golden Globe na tuzo za vyama vya wanataaluma huja kuanzia Januari, BAFTA ya Uingereza hufuata, kisha Oscar inafunga msimu.

Je, wahakiki wakikubaliana wote, matokeo yanakuwa yamekwisha? Hapana. Hadi mwaka 2024 filamu tatu zilikuwa zimepata kura ya New York, ya Los Angeles, ya National Board of Review na ya chama cha taifa kwa mwaka mmoja: Schindler's List mwaka 1993, L.A. Confidential mwaka 1997 na The Social Network mwaka 2010. Ya kwanza ilitwaa Oscar. Ya pili ilizidiwa na Titanic. Ya tatu ilishindwa na The King's Speech.

Msimu wa Lupita

Lupita aliigiza Patsey, mtumwa katika shamba la pamba la Louisiana, mwanamke anayechuma zaidi ya ratili 500 kwa siku na kuwashinda wanaume wote pale. Katika filamu ipo sehemu asiyoisahau aliyeitazama. Patsey ameondoka shambani bila ruhusa, bwana wake anamtafuta kwa hasira. Anaporudi, anafungua kiganja: ndani mna kipande cha sabuni. Alikwenda kukiomba shamba la jirani kwa sababu mke wa bwana wake alimnyima hata cha kujisafishia. Kwa kipande hicho anafungwa kwenye nguzo na kuchapwa. Lupita alikuwa ametoka tu Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu uigizaji mwaka 2012, na ulimwengu wa filamu haukuwa unamfahamu.

Desemba 3, 2013, wahakiki wa New York wakatangaza. Mwigizaji msaidizi wa kike: Jennifer Lawrence wa American Hustle, filamu waliyoichagua pia kuwa bora ya mwaka. Siku iliyofuata National Board of Review ikamchagua Octavia Spencer. Desemba 8 wahakiki wa Los Angeles wakamchagua Lupita. Ndani ya siku sita, vyama vitatu vilikuwa vimetaja majina matatu.

Januari mizani ikaanza kuelemea upande mmoja, kisha ikayumba tena. Golden Globe ya Januari 12 ilikwenda kwa Lawrence. Januari 16 Critics' Choice ikaenda kwa Lupita. Januari 18 Chama cha Waigizaji wa Filamu wa Marekani, SAG, nacho kikampa Lupita. Februari 16 BAFTA ikarudi kwa Lawrence. Anayehesabu idadi ya tuzo tu angebaki njia panda. Anayeuliza ni nani waliopiga kura kila mahali alikuwa na pa kuanzia.

Usiku wa Oscar, American Hustle ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo 10. Iliondoka mikono mitupu. 12 Years a Slave ilichukua filamu bora, mswada bora uliotokana na kitabu, na tuzo ya Lupita.

Nani anapiga kura?

Vijana wa mjini wanaojaza mikeka ya mpira wanalijua somo hili: huangalii tu timu imeshinda mara ngapi, unaangalia imeshinda dhidi ya nani na kwenye uwanja gani. Golden Globe ya wakati ule ilipigiwa kura na waandishi wa habari wa nje wasiofika mia moja, ambao hawakuwa wapigakura wa Oscar. SAG ni ya waigizaji, na waigizaji ndio kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademia inayotoa Oscar. Wanachama wa vyama hivyo viwili si wale wale wote, lakini ni watu wa fani moja wanaotazama kazi kwa jicho moja. Ndiyo maana SAG ya Januari ilikuwa na uzito zaidi kuliko tuzo nyingi za Desemba.

Hata hivyo hakuna kipimo kisichoteleza. Msimu ule ule, Barkhad Abdi, Msomali aliyezaliwa Mogadishu na kuhamia Minneapolis mwaka 1999, alishinda BAFTA kwa Captain Phillips. Kabla ya filamu hiyo alikuwa dereva. Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kiume ikachukuliwa na Jared Leto, ambaye wahakiki wa New York walimtaja tangu Desemba, na Golden Globe na SAG zikamfuata. Huku wahakiki walipatia mapema sana, na BAFTA ndiyo iliyokwenda njia yake.

Miaka ya karibuni Los Angeles imekuwa na jicho kali zaidi kuliko New York katika filamu bora. Mwaka 2016 New York ilichagua La La Land, Los Angeles ikachagua Moonlight. Mwaka 2019 New York ilichagua The Irishman, Los Angeles ikachagua Parasite ya Korea Kusini. Mwaka 2024 New York ilisema The Brutalist, Los Angeles ikasema Anora. Mara zote tatu Oscar ilikwenda na Los Angeles.

Yupo pia asiyeweza kutabiriwa na Desemba kwa sababu Desemba haikumfikia. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Uganda, alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi Aprili 2021 kwa Judas and the Black Messiah. Wahakiki wa New York na Los Angeles walikuwa wamekwisha kupiga kura Desemba 2020, na filamu yake ilionyeshwa mara ya kwanza Februari 2021, kwani Akademia ilisogeza mwisho wa kupokea filamu kwa sababu ya korona. Kaluuya alipita kwa mlango wa pili: Golden Globe, Critics' Choice, SAG na BAFTA.

Filamu za nyumbani

Kwa filamu za Afrika Mashariki, tuzo ya mapema ina kazi nyingine iliyo kubwa kuliko kubashiri. Mpigakura wa Oscar hatazami kila filamu ya mwaka. Jina lililotajwa mapema ndilo analoanza nalo.

Watu Wote, filamu fupi iliyopigwa Kenya na Katja Benrath akiwa mwanafunzi Hamburg, inasimulia shambulio la basi la Mandera la Desemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwaka 2017 ilipata dhahabu katika Oscar za wanafunzi. Mwaka uliofuata iliteuliwa kuwania Oscar yenyewe. Bobi Wine: The People's President, filamu ya Moses Bwayo na Christopher Sharp kuhusu siasa za Uganda, ilitajwa Desemba 2023 kuwa filamu bora ya mwaka na chama cha kimataifa cha watengenezaji wa filamu za hali halisi. Januari ikateuliwa Oscar. Machi ilishindwa na 20 Days in Mariupol, iliyokuwa imekwisha kushinda BAFTA.

Lakini tuzo ya wahakiki peke yake haitoshi. Kati Kati ya Mkenya Mbithi Masya ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, katika tamasha la Toronto mwaka 2016. Kenya ikaipeleka Oscar mwaka uliofuata, haikuteuliwa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka Oscar, mara ya pili kwa nchi yetu baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001. Zote mbili za Tanzania hazikufika kwenye orodha ya mwisho. Filamu kama hizi zinahitaji sauti nyingi zinazozitaja mapema na kuzitaja tena, mpaka mwenye kura azitafute mwenyewe.

Sauti hizo zinaanzia nyumbani. Katika mabanda ya video watazamaji hutoa hukumu filamu ikiwa bado inaendelea: huyu kaigiza, huyu kasoma tu maneno, hapa sauti imekatika. Hukumu hizo nyingi ni za haki na zina jicho, lakini zinaishia mlangoni. Bodi ya Filamu ilipoanzisha Tuzo za Filamu Tanzania mwaka 2021, tulipata jukwaa la mwisho wa safari. Tunahitaji pia mwanzo wake: watu wanaotazama filamu za mwaka mzima, wanaoandika kwa majina yao, na wanaosema ipi ni nzuri na kwa nini kabla bahasha haijafunguliwa.

Kwa hiyo msimu ujao wa Oscar ukifika, msomaji wa Makole na kwingineko, iangalie orodha ya wahakiki wa Los Angeles mwanzoni mwa Desemba, ingoje tuzo ya chama cha waigizaji, na kila mara uulize nani kapiga kura. Kisha geuza jicho hilo kwenye filamu zetu. Itazame moja ya mwaka huu, andika ulichokiona, na upeleke maandishi hayo kwenye gazeti, redio au ukurasa wako. New York mwaka 1935 ilianza na wahakiki wa magazeti tu, na Dodoma yenye vyuo na waandishi wake haikosi watu wa kuianza kazi hiyo.