SAUTI ZILIZOLALA MCHAGONI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanaadamu masikio ya kusikia kabla hajaujua ulimi wa kusema. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, usiku wa leo utakapokwenda kulala, tazama ni kitu gani kimewekwa mchagoni mwa kitanda chako. Wazee wetu waliweka hapo kandili, gudulia la maji, na msahafu juu ya marufaa yake. Leo katika nyumba nyingi za pwani hapo pana simu na spika ndogo isiyo na waya, na ndani ya simu hiyo mna kadi isiyozidi ukucha, iliyobeba nyimbo, kasida, visomo na mawaidha kwa maelfu. Mtu hujilaza, akabonyeza, na sauti ikambembeleza mpaka usingizi ukamchukua. Jambo hili tumelizoea hata hatulistaajabii. Nami nataka tulistaajabie kidogo, kwani lina tarikhi ndefu, na ndani ya tarikhi hiyo mna deni ambalo wengi wetu hatujalilipa.

Ninaandika haya nikiwa Kunduchi, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam. Hapa kwetu pana magofu ya msikiti wa kale, wa karne kama tano zilizopita, na makaburi yenye nguzo, ambayo baadhi yake yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizoletwa kutoka Uchina. Waliozikwa pale walikuwa Waislamu kama sisi. Waliadhini, walisoma, waliimba wakivuta nyavu. Mawe na chokaa vimetuhifadhia mihirabu yao na makaburi yao. Lakini ni nani leo awezaye kutuambia muadhini wa msikiti ule alikuwa na sauti ya namna gani? Hakuna.

Si kwamba wazee wale hawakujua kuhifadhi sauti. Walijua, ila chombo chao kilikuwa ni mwanafunzi. Qur'ani ilipokewa kwa mdomo na sikio: mwalimu husoma, mwanafunzi hufuatisha, akikosea husahihishwa, mpaka sauti ya mwalimu ikakaa kifuani mwake. Maulidi na kasida nazo zilipita njia hiyo hiyo. Kwa hivyo aliyetaka kuhifadhi sauti ya mwalimu wake hakuwa na budi kukaa mbele yake miaka.

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo kilichoweza kuinasa sauti na kuirudisha, na miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner akaleta sahani bapa, ambazo sisi tuliziita santuri. Maulamaa hawakuchelewa kulitazama jambo hili. Mwaka 1899, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, Sayyid Uthman, ambaye nasaba yake ni ya masharifu wa Hadharamaut kama walivyo masharifu wengi wa pwani yetu, aliandika juu ya hukumu ya kuisikiliza Qur'ani ndani ya chombo hicho. Basi usidhani kwamba swali la adabu ya vyombo vya sauti limezaliwa na simu. Lina umri wa zaidi ya miaka 120.

Kwetu sisi mlango ulifunguka mwaka 1928. Mwaka huo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba huko Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay, nao wakaimba ili kampuni ya His Master's Voice izitie sauti zao katika santuri. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ulichukua kama dakika 3 tu, kwa hivyo taarabu iliyozoea kwenda mbali usiku kucha ikabidi ikatwe ili ienee katika sahani. Na bado watu walizinunua kwa makumi ya maelfu. Asiyekuwa na kinanda cha santuri alikwenda kusikiliza kwa jirani, au mkahawani penye kahawa na soga. Zingatia hapo, ndugu yangu: sauti ilikuwa adimu, na kwa kuwa ilikuwa adimu, watu waliisikiliza pamoja.

Katika zama hizo hizo, huko Misri, alikuwako Sheikh Muhammad Rifat, kipofu, aliyejaaliwa sauti ya kusoma Qur'ani iliyowaliza watu. Redio ya serikali ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, yeye ndiye aliyeifungua kwa kisomo. Lakini hakukubali mpaka alipowauliza kwanza wakubwa wa Al-Azhar kama inajuzu kuisoma Qur'ani redioni. Sheikh huyu hakuwa mtu wa kukimbilia kurekodiwa. Sehemu kubwa ya kisomo chake tunachokisikia leo imesalia kwa sababu baadhi ya wapenzi wake, na anayetajwa zaidi ni Zakariya Mahran Pasha, walikinasa kutoka redioni, wakakiweka majumbani mwao. Sheikh Rifat alifariki mwaka 1950, na mwaka huo huo Siti binti Saad naye akafariki. Mmoja msomaji wa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, mwengine muimbaji, siwalinganishi. Ninachosema ni kwamba sauti zote mbili zimetufikia kwa sababu moja: kulikuwa na watu waliozitunza.

Baada ya santuri ikaja redio kwetu. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo, na kuanzia 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyojaza maelfu ya mikanda mikubwa ya tepu kwa nyimbo, ngonjera na mazungumzo. Na huko Misri, mwaka 1961, ikatolewa Qur'ani nzima katika santuri kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Qur'ani kurekodiwa kamili tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha kikaja chombo kilichomfanya kila mtu kuwa mtunzaji wa sauti, nacho ni kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 na 1980 kaseti zilienea kwetu kuanzia dukani hadi madukani pa vijijini. Khutba za Sheikh Kishk wa Misri zilizunguka ulimwengu wa Kiislamu kwa njia hiyo. Na hapa pwani, katika kila darsa ya Ramadhani, uliona mbele ya sheikh safu ya tepu rekoda, kila moja na mwenyewe, na darsa ikisimama kidogo watu wageuze kaseti upande wa pili. Sheikh mwenyewe akitabasamu, akangoja.

Nami nilikuwa mmoja wao. Ramadhani ya mwaka 1986 nilirekodi darsa za mwalimu wangu katika kaseti 6 za dakika 90. Nilizivunja vile vijipande viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Miaka michache baadaye kulikuwa na harusi nyumbani, kaseti tupu zilikwisha, na taarabu imekwisha anza. Nilichukua moja katika zile 6, nikaziba vile vitundu kwa selotepu, nikarekodi. Nilijiambia kwamba mwalimu yuko hai, Ramadhani ijayo atasomesha tena. Kaseti ile ilikuwa na tafsiri ya Surat Luqman, yale mausia ya mzee kwa mwanawe. Mwalimu hakuifikia tena sura hiyo. Alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kaseti ninayo mpaka leo, yenye jina lake juu na harusi ndani.

Tuje sasa kwenye hii kadi ya mchagoni. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walitafuta njia ya kuifanya sauti iwe nyepesi kubebeka, kwa kuyaacha yale ambayo sikio la mwanaadamu haliyatambui, na mwaka 1995 njia hiyo ikapewa jina la mp3. Fanya hesabu pamoja nami. Kwa kiwango cha kawaida, dakika moja ya sauti huchukua kama megabaiti moja. Kadi ya gigabaiti 32, ambayo si kubwa kwa siku hizi, huenea zaidi ya saa 500. Mtu wa mwaka 1928 angehitaji santuri zaidi ya 5,000 kubeba kiasi hicho. Mtu wa 1986 angehitaji kaseti zaidi ya 350. Na wewe ukisikiliza saa moja kila usiku kabla ya kulala, usirudie hata wimbo mmoja, kadi hiyo itakuchukua kama mwaka mmoja na nusu.

Mjukuu wangu anayo kadi kama hiyo, na spika yake kando ya mto. Usiku mmoja aliniambia, "Babu, humu mna vitu zaidi ya 4,000. Nikuwekee nini?" Nikamwambia, "Niwekee mwalimu wangu." Akaandika jina, akatafuta, akatafuta tena. Akasema, "Hayumo, babu." Sikumlaumu, wala sikukilaumu chombo. Chombo hakikatai kitu. Mwalimu hayumo kwa sababu hakuna aliyemtia, na aliyepaswa kumtia ni mimi.

Hili ndilo deni nililolitaja mwanzo. Zama ambazo sauti ilikuwa adimu, watu walichagua na wakatunza. Zama hizi sauti ni nyingi kuliko umri wetu, na wingi huu unatudanganya kwamba kila kitu kimehifadhiwa. Hakikuhifadhiwa. Nyimbo zinazouzwa zina watu wa kuzitunza. Lakini darsa ya sheikh wa mtaani kwenu, kasida ya bibi yako, dua aliyoiomba baba yako siku ya akdi yako, hizo hazina kampuni. Ziko katika kaseti chini ya uvungu, na hewa ya chumvi na unyevu wa pwani zinaitia ukungu mikanda yake mwaka baada ya mwaka.

Najua msomaji ataniuliza: na muziki je? Maulamaa wamelizungumza hilo kwa urefu. Walio wengi wamekataza ala, na wako walioruhusu kwa masharti. Muulize sheikh wako unayemwamini. Mimi nakukumbusha lililo mbele ya hilo, nalo ni kwamba sikio ni amana. Surat Al-Israa, aya ya 36, inatufundisha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa hapendi mazungumzo baada ya sala ya Isha bila ya haja, na alipokwenda kulala alisoma Ikhlas na Falaq na Nas, akipuliza viganjani na kujipangusa mwili. Alisoma mwenyewe. Basi hata ukiweka kisomo cha qari mkubwa mchagoni, hakikutoshelezi. Sauti ya mwisho ya siku yako na iwe ya ulimi wako. Na usiwashe spika kubwa hata jirani akakosa usingizi, wala usijaze kadi yako kwa kazi za watu usizozilipia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 imelilinda jasho la mtunzi, na kabla ya sheria hiyo dini yetu ilikwisha kukataza kula haki ya mtu.

Ama deni, hulipwa hivi. Juma hili toa kaseti zilizoko nyumbani. Usizicheze katika mashine chafu. Safisha kwanza kichwa chake kwa pamba na spiriti. Unganisha tepu rekoda na kompyuta kwa waya mmoja kutoka pale pa kuchomekea vipokea sauti, au mpelekee kijana anayeijua kazi hiyo. Kisha sema jina la msemaji, mahali na mwaka, na yaandike, kwani sauti isiyo na jina huwa kama kaburi lisilo na maandishi. Weka nakala mbili katika nyumba mbili, maana kadi nazo hufa ghafla, tena bila ya kuugua. Na usiku mmoja katika juma, iondoe spika mchagoni, iweke sebuleni, watoto wasikilize pamoja nawe, uwaambie huyu alikuwa nani.

Mimi nimebakiwa na kaseti 5. Nne zimekwisha ingizwa, na ya tano ina ukungu, inasafishwa. Yule mjukuu ndiye anayeifanya kazi hiyo, na jana aliniuliza maana ya neno moja alilolisikia humo. Kama na wewe unayo kaseti ya Surat Luqman ya mwalimu wako, usingoje Ramadhani ijayo.

Wabillahi tawfiq.