Uzani wa Chujio

Mkemia wa karne ya 19, alipotaka kujua kiasi cha madini kilichomo majini, aliyachuja mashapo yake kwa karatasi; na kwa kuwa karatasi hunywa unyevu wa hewa, wala haiachi kuunywa hata ikiwa juu ya sahani ya mizani, aghalabu aliitia tanurini pamoja na mashapo yake, akapima masalio, kisha akatoa uzani wa majivu ya karatasi, alioujua tangu awali. Hila hiyo ilikuwa mujarabu, ila kwa vitu kama kloridi ya fedha, ambayo makaa ya karatasi huigeuza ikarudi kuwa fedha tupu. Hapo hapakuwa na budi kuikausha karatasi, kuifungia baina ya vioo viwili na kuipima upesi, ilhali mpimaji akijua kwamba sehemu ya uzani ule ni maji.

Mwaka 1878 Mmarekani Frank Austin Gooch alieleza kikombe cha platini chenye kitako cha vitundu, kilichotandikwa nyuzi za asbesto zisizoungua. Nami nakihesabu kikombe hicho miongoni mwa vyombo vya insafu.

Baadaye kilichochujwa kikawa hewa yenyewe. Marekani, ilipoweka mwaka 1997 kanuni juu ya vumbi la chini ya maikromita 2.5, ilichagua chujio la Teflon, kitu alichokipata Roy Plunkett kwa sadfa mwaka 1938, kisichonywa maji. Lakini Teflon ikisuguliwa kidogo tu hubeba umeme tuli, ukavutana na kuta za kisanduku cha mizani, na kipimo kikayumba. Na kipimwacho ni haba mno, kwani hewa yenye mikrogramu 10 katika kila mita ya ujazo, ikivutwa mita 24 kwa siku, huacha mikrogramu 240 tu.

Ajabu ni kwamba dawa ya maradhi ya kwanza ndiyo izidishayo ya pili. Vumbi lenyewe lina chumvi zinywazo maji, kwa hiyo chumba sharti kikaushwe. Kikikauka, umeme ambao unyevu ungeuondosha hubaki palepale. Ndiyo maana kanuni ile ikashika njia ya kati: unyevu wa asilimia 30 hadi 40, joto la nyuzi 20 hadi 23, na chujio likae humo saa 24 kabla ya kupimwa. Umeme uliosalia, maabara nyingi huuondoa kwa ukanda wenye poloni, elementi waliyoigundua Marie na Pierre Curie mwaka 1898, ambayo miali yake huifanya hewa ipitishe umeme. Na kwa kuwa nguvu yake hupungua nusu kila siku 138, ukanda huo hubadilishwa mara kwa mara.