Jani la sombe lina mizigo ya kupokea

Asubuhi za Nyakabanda, mtaa wa Kigali, zina mlio wa mchi. Majani ya muhogo yanatwangwa kinuni, maji ya kijani yanamrukia mtwangaji mpaka kwenye kitenge, na mchana sombe iko mezani. Wanyarwanda huiita isombe, Watanzania kisamvu.

Kijani hicho kimo ndani ya kloroplasti, vijumba vidogo vya seli vinavyotega mwanga wa jua. Wanasayansi waliotaka kujua mambo yake walianza kama sisi, kwa kuponda majani. Ila wao waliponda majani ya njegere, kwa muda mfupi na kwenye baridi, kisha wakayachuja kwa kitambaa ili kloroplasti zitoke nzima. Mchi wa sombe hauna huruma hiyo.

Mwaka 1905 Mrusi Konstantin Mereschkowsky alidai kuwa kloroplasti ni mgeni: kiumbe kilichojitegemea, kikahamia ndani ya seli na kulowea humo. Wengi walimpuuza. Leo hoja yake inakubalika, na tunajua kuwa mgeni huyo alibakiwa na jeni mia na ushei tu, ilhali anahitaji protini kwa maelfu. Nyingine zote hutengenezwa nje ya kuta zake. Sasa zinaingiaje?

Jibu lilipatikana mwaka 1978, kwa makundi mawili: Nam-Hai Chua, mzaliwa wa Singapore, na Gregory Schmidt huko New York; Peter Highfield na John Ellis huko Warwick, Uingereza. Walitengeneza nje ya seli kipande kidogo cha rubisko, protini inayonasa hewa ya ukaa, wakakichanganya na kloroplasti nzima. Kilikuwa kirefu kuliko kawaida, kina mkia wa ziada mbele. Kikaingia, mkia ukakatwa. Chua na Schmidt wakamwaga kimeng'enya cha kula protini: kilichobaki nje kililiwa, kilichoingia kikasalimika.

Anayetuma mzigo kwa basi kutoka kituo cha Nyabugogo, Kigali, ataelewa. Jina na namba ya simu huandikwa juu ya boksi. Ukifika, karatasi inachanwa. Mkia ule ndio anwani ya protini. Mwaka 1986 Sjef Smeekens na wenzake huko Uholanzi walionyesha kuwa plastosayanini, protini ambayo hufanya kazi ndani zaidi, kwenye vifuko vya thailakoidi, huja na anwani mbili: ya kwanza ya kuvuka kuta za nje, ya pili ya kuingia chumba cha ndani. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi mtamu kuliko yote.

Günter Blobel, aliyeasisi wazo la protini kubeba anwani yake mwenyewe, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. 

Muhogo nao ulifikiwa: jenomu ya kloroplasti yake ilichapishwa mwaka 2008. Jeni ya kile kipande kidogo cha rubisko haimo. Imo kwenye kiini cha seli, kama ilivyo kwa njegere.